Kompyuta ya Mchezo

Methali husema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Naliisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi naliitumia kuwanyamazisha watu waliopenda kuigeuza bidhaa mara mbili tatu kabla ya kutoa fedha. Naliamini kuwa kuchagua sana ni ila ya roho, na kwamba mtu aliyesoma hukitambua kizuri kwa mtazamo mmoja. Siku hizi siamini hivyo. Nimejua ya kuwa asiyechagua kabisa hupata koroma vile vile, na tofauti iliyopo kati ya watu hao wawili ni kuwa wa kwanza amechoka na wa pili amedanganyika. Jambo lililonifunza haya ni dogo. Lilihusu kompyuta moja ya mtumba, shilingi 900,000, na mpwa wangu aliyekuwa na umri wa miaka 15.

Dada yangu ni mjane, na kazi yake ni ushonaji. Anakaa Temeke, Dar es Salaam, na cherehani yake ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe tangu mumewe alipofariki. Mwaka 2024, mwezi wa Machi, zamu yake ya upatu ilimfikia. Wanawake wa mji huu huuita upatu kwa jina la mchezo, nao huucheza kwa uaminifu mkubwa kuliko wachezaji wengi wa mpira. Alikuja kwangu jioni, akaweka bahasha juu ya meza, akasema, "Kaka, fedha hizi zimetoka katika mchezo, nami nataka ziende katika mchezo."

Alinieleza habari ya mwanawe. Kila jioni kijana alikwenda katika kibanda cha mtaani ambamo vijana hulipa fedha kidogo kwa kila mechi, wakacheza mpira wa kwenye televisheni. Hakuwa mwizi, hakuvuta kitu, wala hakufeli masomo. Lakini alirudi nyumbani baada ya sala ya isha, njia ilikuwa ya giza, na mama hakuwajua wote aliokaa nao. Alikuwa amemkataza, akaona kuwa kumkataza kumemfanya aanze kusema uongo. Basi akawaza njia nyingine: mchezo uletwe nyumbani. Kompyuta moja ingemfaa mtoto kwa masomo mchana na kwa mpira jioni, na mama angeshona huku akimsikia. "Wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Mchagulie kitu cha bei ndogo kitakachocheza."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Aliniamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimeandika machache, mjomba, yatakayokusaidia dukani." Naliipokea kama mtu apokeavyo tangazo la njiani, nikaitia katika mfuko wa koti, nikaisahau. Naliona si heshima mtu aliyefundisha shule miaka 30 kwenda sokoni na maagizo ya mwanafunzi.

Siku ya pili naliingia Kariakoo. Katika mitaa ile kompyuta zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani hupangwa kama matofali, moja juu ya nyingine. Zimefutwa vumbi, nazo bado zina alama za stika za ofisi zilizoziacha. Hakuna aibu katika mtumba wa namna hii. Ofisi hubadilisha mashine kwa wakati maalumu hata kama hazijaharibika, na kilichochakaa kwa tajiri huenda kikawa bado kijana kwa maskini. Naliingia duka moja, nikamweleza mwuzaji haja yangu. Alinitazama miwani na koti, akajua ni mtu wa namna gani. Alinionyesha kasha kubwa jeusi lenye stika ya buluu iliyoandikwa i7. "Mzee, wengine hununua i3, wengine i5. Hii ni saba. Na ndani ina RAM ya gigabaiti 16." Mimi najua hesabu: 7 ni kubwa kuliko 5, na 16 ni kubwa kuliko 8. Nalilipa shilingi 400,000 kwa kasha, na 160,000 kwa monita, kibodi na kipanya. Nikarudi kwa dada yangu na kompyuta pamoja na chenji ya shilingi 340,000, nikajisifu kwa kuokoa zaidi ya theluthi ya fedha aliyonipa. Alinibariki. Sifa haina adabu: hukaa kifuani mwa mtu kabla haijastahili.

Usiku ule kijana aliiwasha mashine mbele yetu. Iliwaka vizuri, ikaandika vizuri, ikaonyesha picha za jamaa vizuri. Kisha alifungua mchezo wa mpira wa miaka ya nyuma ambao rafiki yake alimpa. Wachezaji walitoka uwanjani wakakwama, wakaruka hatua, wakakwama tena, kama watu wanaokimbia katika ndoto. Mpira ulipigwa huku ukaonekana kule, wala haukuonekana katikati. Naliuliza kama mambo ndivyo yalivyo. Kijana akajibu kwa utulivu, "Ahsante, mjomba. Ni nzuri." Naliondoka na furaha yangu.

Siku ya tatu, saa tatu usiku, dada yangu alinipigia simu. "Kaka, mtoto hajarudi." Mvua ya masika ilikuwa ikinyunya. Nalivaa koti langu nikaenda kumtafuta, nikamkuta pale pale kibandani, amesimama nyuma ya wenzake, akingoja zamu. Nalitia mkono mfukoni kutafuta leso ya kufutia miwani, ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua chini ya taa ya kibanda.

Iliandikwa kwa mwandiko safi wa shule. Juu palikuwa na jina la mchezo alioutaka, EA Sports FC 24, uliotolewa Septemba 2023, na chini yake mambo ambayo wenye mchezo wenyewe wametangaza kuwa ndiyo ya chini kabisa: kumbukumbu ya gigabaiti 8, nafasi ya gigabaiti 100, na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti au inayolingana nayo. Kisha aliandika: "Mjomba, usitazame i7 au i5 peke yake, tazama kizazi. Kiwe cha 8 au zaidi. Kadi ya picha ndiyo muhimu. Isihitaji waya wa umeme wa ziada, kwa sababu kompyuta za ofisi hazina waya huo. Fedha ikipungua, punguza vingine, usipunguze kadi." Mwisho aliandika, "Samahani kwa kukusumbua."

Nalisoma maneno hayo mara mbili. Kisha nalimwita, tukatembea kurudi nyumbani katika manyunyu. Nalimwuliza kwa nini hakusema usiku ule kuwa nimekosea. Alinyamaza hatua kadhaa, akasema, "Nilidhani umeisoma ukaona vinginevyo, mjomba. Tena mama alikuwa amefurahi." Nimepata adhabu nyingi katika maisha yangu, chache zilinipata vizuri kama hiyo.

Usiku ule tulikaa na daftari, yeye akawa mwalimu. Nitaandika niliyojifunza, maana huenda msomaji naye akatumwa na dada yake.

Jambo la kwanza ni jina. Tarakimu za 3, 5 na 7 katika prosesa za kampuni ya Intel ni daraja, wala si umri. Jina la i7 limetumika tangu mwaka 2008, na katika kila kizazi yupo mkubwa na mdogo. Prosesa niliyoinunua iliitwa i7-2600: tarakimu ya 2 iliyotangulia yaonyesha kuwa ni ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2011. Nyingine iitwayo i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2018. Mimi niliyesahihisha mitihani miaka 30 nalipaswa kulijua hili pasipo kuambiwa. Kijana wa kwanza katika darasa la tatu hawezi kushindanishwa na wa tano katika kidato cha nne. Mwuzaji hakusema uongo hata neno moja. Aliniachia mimi nijidanganye kwa hesabu yangu mwenyewe.

Jambo la pili ni kadi ya picha, nalo ndilo kiini cha shauri lote. Picha itembeayo ni rundo la picha zisizotembea, zinazopita mbele ya jicho upesi. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Mchezo wa kompyuta hutaka zaidi, kwa sababu mkono wa mchezaji hungojea jibu: picha 30 kwa sekunde huvumilika, na 60 hupendeza. Monita ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Ukizipaka rangi mara 60 katika sekunde moja, umepaka nukta zaidi ya milioni 124 kabla hujamaliza kupiga chafya. Prosesa ni kama wanazuoni sita wenye akili nyingi: waulize swali gumu watalijibu, lakini usiwape ukuta mrefu namna hiyo waupake chokaa. Kadi ya picha ni kundi la vibarua wanaojua kazi moja, nao ni wengi. Kadi iitwayo GTX 1650, ya mwaka 2019, ina viini 896 vya kufanyia kazi, na i5-8500 ina viini 6. Kompyuta yangu ya kwanza haikuwa na kadi kamwe. Ilikuwa na uwezo mdogo wa picha uliofichwa ndani ya prosesa, nao ulifahamu lugha ya picha iitwayo DirectX mpaka toleo la 10.1, hali mchezo aliotaka kijana unadai toleo la 12. Hata tungaliingoja usiku kucha, isingaliufungua.

Jambo la tatu ni kumbukumbu ya muda, ambayo wauzaji huiita RAM. Hii ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, fundi huangusha vitambaa chini na kuinama kila mara; ikiwa ya kutosha hutulia. Lakini meza pana haimfanyi fundi kushona upesi kuliko mikono yake. Dada yangu, aliyekuwa akitusikiliza huku akipiga pasi, alicheka akasema jambo hilo alilijua. Gigabaiti 8 ndizo za chini kwa michezo mingi ya sasa, na 16 huondoa wasiwasi. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa mashine huvisomea kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kadhalika hifadhi ya SSD hupunguza kungoja, wala haiongezi idadi ya picha. Ni nzuri, lakini mtu asidhani kuwa mlango mwepesi hufanya nyumba kubwa.

Jambo la nne ni umeme, nalo huwaponyoka hata wajuzi. Kompyuta za ofisi zenye kasha jembamba aghalabu huwa na pawa saplai ya wati 200 hivi, na hazina waya wa kulishia kadi kubwa. Tundu linalopokea kadi hutoa wati 75 basi. Prosesa ya i5-8500 imekadiriwa wati 65. Jumlisha, utapata 140, na zinazobaki huendesha feni, hifadhi na vinginevyo. Kwa hiyo kadi ya wati 75 hukaa kwa amani, na kadi ya wati 150 huleta msiba. Tena hata miongoni mwa kadi za GTX 1650 zipo zenye tundu la waya wa ziada, na zipo zisizo nalo; lazima mtu aitazame ile hasa atakayoinunua. Kijana alichukua rula yake ya shule ili apime pia kimo na unene wa kadi, maana kasha jembamba halipokei kadi ndefu.

Nalimwuliza kwa nini tusinunue kompyuta ya mkononi. Akanijibu kuwa kwa bei ile ile ya mtumba huwa na uwezo mdogo wa picha, hupata moto, na kadi yake haibadiliki ikichakaa. Nikamwuliza kwa nini tusinunue mashine ya mchezo wa televisheni kama ya kibandani. Akasema kweli kwamba kwa mtu anayetaka mchezo tu, hiyo ni njia fupi na yaweza kuwa rahisi zaidi. "Lakini haiandiki insha, mjomba." Hapo naliona kuwa amefikiri mbele yangu na nyuma yangu. Kompyuta iwezayo kucheza huweza kuandika. Iwezayo kuandika si lazima iweze kucheza. Mimi nalidhani kuwa mashine ya mchezo ni duni kuliko mashine ya kazi. Kwa kweli mchezo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ambazo mtoto aweza kuipa mashine ya nyumbani.

Siku ya nne tulikwenda Kariakoo wawili. Naliahidi kuwa mimi nitashika fedha naye atashika neno. Mwuzaji wa kwanza alikubali kulirudisha kasha lake kwa shilingi 250,000, ingawa aliliuza 400,000 siku tatu kabla. Sikubishana sana. Hasara ya shilingi 150,000 ilikuwa karo ya somo langu, na karo hulipwa na mwanafunzi, wala hailipwi na mama mjane. Nilitoa kiasi hicho katika akiba yangu nikakirudisha katika bahasha, nikamwomba kijana asimwambie mama. Alinitazama akasema, "Mjomba, mama hujua hesabu." Basi nalimwambia dada yangu mwenyewe jioni ile.

Sasa tulikuwa na shilingi 740,000. Katika duka jingine tulipata kasha jembamba lenye i5-8500, gigabaiti 8 za kumbukumbu, na SSD ya gigabaiti 256, kwa shilingi 430,000. Kijana aliomba liwashwe, akalisoma jina la prosesa ndani ya mashine yenyewe, hakulisoma juu ya stika. Kipande cha pili cha gigabaiti 8 tulikipata kwa shilingi 50,000. Zilibaki 260,000 kwa ajili ya kadi.

Hapa ndipo nalikaribia kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa mara ya pili. Mtu mmoja alitupa kadi mpya katika boksi, imeandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4, kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei ya wengine. Moyo wangu ulirukaruka. Kijana aliigeuza, akatazama matundu yake, akaona tundu la buluu la waya wa monita wa zamani uitwao VGA. Akairudisha mezani kwa adabu, akasema tutapita baadaye. Njiani alinieleza kuwa kadi za ukoo ule ziliacha njia hiyo ya zamani, kwa hiyo tundu lile ni dalili mbaya. Kuna walaghai huchukua kadi za mwaka 2010 au 2011, wakaandika ndani yake jina la kadi mpya, na mashine nayo husoma jina hilo ikaliamini. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo husaidia kuufichua ulaghai huo, na mnunuzi mwenye busara huomba kadi ijaribiwe kwayo kabla ya kulipa. Nalishangaa. Mashine nayo huamini stika iliyobandikwa ndani yake, sawasawa na mimi.

Baada ya maduka matano tulipata GTX 1650 fupi, ya mtumba, isiyo na tundu la waya wa ziada. Mwenye duka hakuona taabu kuichomeka mbele yetu, akafungua programu ile, akafungua na mchezo mdogo, akauacha uende robo saa ili tusikie feni na tuguse joto. Alitaka 280,000. Kijana alimwambia kwa heshima kiasi tulichokuwa nacho, akamwonyesha bahasha. Tuliafikiana kwa 260,000. Bahasha ikawa tupu, na kwa mara ya kwanza katika habari hii nalifurahi kuwa hakuna chenji.

Siku chache baadaye, mchezo ulipokwisha kushushwa kwa bando za usiku, wachezaji walitoka uwanjani na kukimbia. Hawakukwama. Kijana hakutaka urembo wote uwashwe. Alipunguza vivuli na nyasi na watazamaji, akasema goli ni goli hata kama nyasi si nzuri. Hii nayo ni hekima ya mwenye fedha kidogo: anajua cha kuacha. Alinikokotolea hata umeme. Mashine na monita yake hula kama wati 180 wakati wa mchezo, kwa hiyo saa mbili za jioni hazifiki nusu ya yuniti ya LUKU. Mama yake alizikubali saa hizo mbili, baada ya kazi za shule, na vijana wawili wa jirani wakaruhusiwa kuja. Kibanda kilipoteza wateja watatu, na ukumbi wa dada yangu ukapata kelele aliyoitaka.

Baadhi ya wenzangu waliniuliza kama si upotevu kutumia fedha za mjane kununua mchezo. Nami ningaliuliza hivyo zamani. Lakini mchezo haukuingia katika kompyuta jana kwa njia ya dirisha. Mwaka 1962, huko Marekani, vijana wa chuo cha MIT waliandika mchezo wa Spacewar! katika mashine ya PDP-1, iliyogharimu kama dola 120,000, nao walijifunza mengi juu ya mashine ile kwa kuchezea. Mwaka 1982, Uingereza, kompyuta ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum iliuzwa kwa paundi 125 ile ndogo yake. Wazazi wengi waliinunua kwa ajili ya masomo, watoto wakaichezea, na katika watoto hao walitoka watu wengi waliojenga kazi ya kutunga michezo katika nchi ile. Sisemi kuwa mpwa wangu atakuwa mmoja wao. Mtoto hanunuliwi ahadi. Nasema tu kuwa ile karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa na hesabu, uchunguzi, upimaji na unyenyekevu, na mwalimu wake wa mambo hayo manne hakuwa mimi. Alikuwa hamu yake ya mpira.

Jambo moja lilitokea baadaye likaongeza aya katika somo. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watu wote kama ilivyozoea. Windows 11 iliyoifuata, iliyotoka mwaka 2021, kwa prosesa za Intel hukubali rasmi zile za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache za kabla yake. Kasha lile jeusi lenye stika ya saba lingaliachwa njiani. Kasha jembamba liliendelea na safari. Nalimwuliza kijana kama alilijua jambo hilo alipoandika kizazi cha 8. Alisema alilijua, lakini hakulitia katika karatasi kwa kuwa aliogopa ingekuwa ndefu na mjomba asingeisoma.

Basi ndugu msomaji, ukitumwa kuchagua kompyuta ya bei ndogo itakayocheza, anza kwa kuuliza mchezo gani, kisha tafuta wenye mchezo huo wametangaza nini, kisha gawa fedha yako ukiipa kadi ya picha haki yake, ukitazama kizazi kabla ya daraja na umeme kabla ya nguvu. Usinunue kisichowashwa. Na kama yupo mtoto mlangoni mwenye karatasi mkononi, isome pale pale, mbele yake, naye akuone ukiisoma.

Mwezi uliopita alinipa kiti na kidude cha kuchezea, nikacheza mechi moja. Nalifungwa 6 kwa 0. Dada yangu aliacha kushona akaja kutazama goli la mwisho.